Paka, Panya na Bei ya Kukimbizana

Ile sauti ya paka anayepiga yowe baada ya mkia wake kunaswa mtegoni, yowe linaloanza juu kabisa na kukatika ghafla, ilitoka kwenye koo la binadamu. Aliyeipiga ni William Hanna, mmoja wa waongozaji wa katuni za paka Tom na panya Jerry, aliyesimama mbele ya maikrofoni katika studio za MGM huko California miaka ya 1940 akapiga makelele kwa nguvu zake zote. Mwanzo wa yowe ukakatwa, mwisho wake ukakatwa, pakabakizwa pale penye makali. Ndiyo maana Tom halii kama mtu anayeanza kuumia. Analia kama aliyeumia zamani ila habari ndiyo kwanza inamfikia.

Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki waliizoea sauti hiyo kabla hawajajua kusoma. Tom na Jerry hawasemi sana, kwa hiyo hawakuhitaji mfasiri. Mtoto wa Temeke, wa Kisumu au wa Bujumbura alikaa chini mbele ya televisheni akaelewa kila kitu. Alichokielewa upesi ni ugomvi. Lakini anayezitazama katuni hizo kwa makini huona kwamba ugomvi ule ulikuwa na urafiki ndani yake, na anayeijua historia yake huona jambo la pili: ilipofika wakati wa kuchagua kati ya wanyama wanaokimbizana na wanyama wanaopendana, aliyepiga kura ya mwisho alikuwa mhasibu.

Kwanza, kazi yenyewe. Filamu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya televisheni, wala hazikuwalenga watoto peke yao. Miaka ya 1930 na 1940, Mmarekani aliyekata tiketi ya sinema alipewa burudani ya jioni nzima: habari za dunia, filamu fupi, katuni ya dakika sita hadi nane, kisha filamu kubwa iliyomtoa nyumbani. Studio ziliziuza filamu hizi kwa wenye kumbi zikiwa zimefungashwa pamoja. Aliyemtaka nyota Clark Gable alichukua na paka. Ndipo karibu kila studio kubwa ikawa na karakana yake ya katuni. Wachoraji wa Warner Bros. walifanya kazi katika jengo bovu ambalo wenyewe walilibatiza jina la Baraza la Mchwa. Wa MGM walikuwa na nafuu, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa studio yenye fedha kuliko zote.

Na fedha zilihitajika. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde, maana yake katuni ya dakika saba ina picha 10,080. Hata mchoro mmoja ulipopigwa picha mara mbili ili kuokoa jasho, maelfu ya michoro yalibaki, na paka na panya wakiwa pamoja kila mmoja alichorwa peke yake, akahamishiwa kwenye karatasi angavu ya plastiki, akapakwa rangi kwa mkono, kisha akalazwa juu ya mandhari. Mhusika aliyesimama akizungumza hali michoro mingi. Paka anayekimbia, akateleza kwenye zulia, akageuka hewani, akabamizwa na ubao wa pasi na kuchukua umbo la ubao huo, anataka mchoro mpya karibu kila mara jicho linapopepesa. Katika biashara hii hakuna kilichokuwa ghali kama kukimbizana.

Katuni ya kwanza ilitoka Februari 1940, ikiitwa Puss Gets the Boot. Paka anaitwa Jasper, panya hatajwi jina. Aliyeandikwa kwenye filamu ni msimamizi wao, Rudolf Ising, lakini walioitengeneza ni Hanna na mwenzake Joseph Barbera. Ndani yake kuna kitu kidogo kilichobeba kila kilichofuata. Jasper ameonywa: akivunja kitu kimoja zaidi, anatupwa nje. Panya anasikia. Anapanda juu ya meza, anasogeza glasi hadi ukingoni, anaishikilia, halafu anamtazama paka. Paka aliyekuwa akija mbio anafunga breki. Yule mdogo hakushinda kwa mbio wala kwa nguvu. Ameishika sheria ya nyumba na ameining'iniza ukingoni mwa meza. Kuanzia hapo paka anapiga magoti, anabembeleza, anadaka glasi moja baada ya nyingine, na mtazamaji anaanza kumhurumia mwenye meno.

Wakubwa wa MGM hawakuvutiwa. Paka na panya waliwaona ni hadithi iliyochakaa, na Hanna na Barbera wakapewa kazi nyingine. Kilichobadilisha mambo ni barua kutoka Texas, ya Besa Short, mwanamke aliyekuwa na sauti katika biashara ya kumbi za sinema za huko, akiuliza lini ataletewa nyingine za namna ile. Hiyo, pamoja na kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar, ilimlainisha mtayarishaji Fred Quimby. Majina yakapatikana kwa shindano la ndani ya studio: mchoraji John Carr akapendekeza Tom na Jerry, akaondoka na dola 50.

Hanna na Barbera walitengeneza katuni 114 za wawili hao, ya mwisho ikitoka mwaka 1958. Zilipendekezwa kwa Oscar mara 13, zikashinda mara 7. Kila tuzo ilipokewa na Quimby, mtu wa mauzo ambaye hakuchora hata sharubu moja.

Sasa, mfukuzaji akimkamata anayemfukuza, kazi imekwisha. Hilo ni tatizo la hadithi na ni tatizo la ajira pia, kwa sababu wachoraji walitakiwa kuwa na katuni nyingine baada ya wiki chache. Jerry hakuweza kuliwa, Tom hakuweza kufukuzwa moja kwa moja. Watungaji walilijua hilo, na kwa kuwa hawakuwa wajinga, waliligeuza likawa hadithi yenyewe. Katika The Night Before Christmas ya mwaka 1941, Tom anamfungia Jerry nje kwenye theluji, anaziba kila tundu, anakaa mbele ya moto. Kisha raha inamwishia. Anatoka, anamkuta panya amekauka kwa baridi, anamleta karibu na meko, anampa peremende. Jerry naye anamzuia Tom asinywe maziwa, kwa maana mtego wa panya aliutegesha mwenyewe humo ndani.

The Lonesome Mouse ya mwaka 1943 inakwenda mbali zaidi. Jerry anafanya hila Tom anatimuliwa nyumbani. Nyumba nzima ni yake. Anashangilia, anakula, anajinyoosha, na muda si muda upweke unamkaba. Hakuna wa kumkimbiza. Anamfuata Tom nje, wanapanga njama, Jerry anazua balaa jikoni ili paka aitwe arudi kuokoa jahazi. Tom anarudi, anazawadiwa pai, na Jerry akisogea kupata fungu lake anafukuzwa. Waswahili husema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Hawa wawili wakitenganishwa ndipo wanapoumia.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1948, The Truce Hurts ikaonesha upande wa pili. Paka, panya na mbwa wanachoka kupigana, wanaandikiana mkataba wa amani, wanalala pamoja, wanasaidiana. Amani hiyo inavunjwa na kipande cha nyama kisichogawanyika kwa haki. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu kabla yake, na watu wazima waliokaa kwenye viti vya sinema walijua mikataba.

Sauti zilibeba mzigo mkubwa katika haya yote, na redio ni mahali pazuri pa kulisema hilo. Scott Bradley aliziandikia katuni za MGM muziki unaofuata kila hatua: nyayo za kunyata, mlango kufunguka, jicho kupepesa, kila kimoja na noti yake, ukipigwa na okestra kamili. Ukifumba macho bado unajua nani anamkimbiza nani. Katika The Cat Concerto ya mwaka 1947, Tom amevaa suti ya jukwaani anapiga kinanda, akiimba kwa vidole utunzi wa Liszt, huku Jerry aliyekuwa amelala ndani ya kinanda hicho akipigwa na nyundo zake. Warner walikuwa wametoa mwaka mmoja kabla katuni ya sungura wao, Bugs Bunny, akipiga utunzi uleule katika mikasa inayofanana mno, na pande zote mbili zikatuhumiana wizi. Oscar ilikwenda kwa paka.

Kuna jambo ambalo msikilizaji Mwafrika hawezi kupita akalifumbia macho. Mwanamke aliyekuwa akimfokea Tom, aliyeonekana kuanzia kiunoni kwenda chini, soksi na makubazi, alikuwa mtumishi Mweusi aliyechorwa kwa mfano wa dharau uliokuwa wa kawaida katika Marekani ya wakati ule. Sauti yake aliitia mwigizaji Lillian Randolph, mwenye kipaji kikubwa kuliko nafasi aliyopewa. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kililalamika, na baada ya mwaka 1952 mhusika huyo hakuonekana tena. Miaka ya 1960, katuni zile zilipoandaliwa kwa televisheni, baadhi ya vipande vyake vilichorwa upya vikiwa na mwanamke Mzungu mwenye lafudhi ya Kiayalandi. Mikasa mingine, ile ambayo bomu likilipuka uso wa mhusika unageuka kuwa mweusi wa kuchekwa, ilikatwa kimyakimya. Kwa hiyo wengi wetu tulitazama katuni zenye mapengo bila kujua. Usanii wake ni mkubwa na dharau yake ni ya kweli. Mtu mzima anaweza kuyashika yote mawili kwa pamoja.

Kule Warner, Chuck Jones aliushika mkasa wa kukimbizana akautazama kwa jicho jingine. Mwaka 1949, akishirikiana na mwandishi Michael Maltese, alimleta mbwamwitu wa jangwani Wile E. Coyote na ndege Road Runner. Hapo urafiki haupo kabisa. Ndege hana kinyongo, hana hata habari. Anayemuumiza mfukuzaji ni tamaa yake pamoja na vifaa vibovu vya kampuni ya Acme. Ni katuni kali, lakini ni baridi.

Joto alilipeleka kwingine. Katika mfululizo wa Ralph na Sam ulioanza mwaka 1953, mbwamwitu anayefanana na Wile E. kwa karibu kila kitu isipokuwa pua nyekundu anatumwa kuiba kondoo, na mbwa mkubwa mwenye nywele zilizofunika macho ameajiriwa kuwalinda. Asubuhi wanafika kazini na vyakula vyao mkononi, wanaamkiana kwa majina, wanagonga kadi kwenye saa iliyopigiliwa mtini. King'ora kinalia, vita vinaanza. Mbwa anaweza kuwa amemshika mbwamwitu shingo, ngumi iko juu, king'ora cha chakula cha mchana kikalia. Wanaachiana, wanakula, kisha mbwamwitu anarudisha shingo yake mikononi mwa mwenzake na kipigo kinaendelea. Jioni anayekuja zamu ya usiku anapokezwa shingo hiyohiyo. Walioichora filamu hii walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha katuni, nao waligonga kadi. Hakuna kichekesho cha sinema kinachoeleza ajira vizuri kuliko hiki: uadui ni wa saa za kazi, na hakuna anayeupeleka nyumbani.

Kama kuna katuni moja ya kuhifadhiwa katika hizi zote, basi ni Feed the Kitty, ya Jones na Maltese, iliyotoka Februari 1952. Mbwa mkubwa wa aina ya buldogi, Marc Antony, anakutana na mtoto wa paka. Anambwekea kwa nguvu ya kupasua mwamba. Kipaka hakitishiki. Kinampanda, kinafika mgongoni, kinaanza kuukandakanda kwa vijikucha vyake kama paka wafanyavyo kabla ya kulala. Kinazunguka, kinajikunja, kinasinzia. Kamera inabaki kwenye uso wa mbwa. Kila ukucha ukiingia, jicho moja linafumba, shavu linatetemeka, na mahali fulani katikati ya maumivu hayo ghadhabu inageuka mahaba. Hakuna neno linalosemwa. Ni mistari michache ya penseli kwenye paji la uso na pembe za mdomo, lakini mtazamaji ameona moyo ukibadilika.

Mama mwenye nyumba amemkataza mbwa asilete kitu kingine chochote ndani, naye anakificha kipaka mpaka kinaishia kwenye unga. Mama anapika biskuti. Mbwa, akiwa amefungiwa nje, anachungulia dirishani: anaona mashine ya kukorogea ikizunguka, unga ukisukumwa, ukikatwa, ukiingia tanuri. Sisi tumekiona kipaka kikitoka salama, yeye hajaona. Analia mpaka machozi yanatuama chini. Mama anamhurumia, anamletea biskuti moja, na imekatwa kwa umbo la paka. Mbwa anaipokea, midomo ikitetemeka, anaiweka mgongoni pake pale kipaka kilipokuwa kikilala, anaondoka polepole. Ukumbi mzima unajua kwamba kipaka ki hai, na bado koo linabana. Wachoraji wa kizazi kilichofuata hawakuisahau: katika Monsters, Inc. ya mwaka 2001, zimwi Sulley anayedhani mtoto Boo amesagwa kwenye mashine ya taka anarudia huzuni ya Marc Antony hatua kwa hatua.

Lakini uzuri huo ulikuwa ukitengenezwa katika nyumba inayoungua. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, ilipiga marufuku ule mtindo wa kuuza filamu kwa mafungu. Mwenye ukumbi sasa alinunua alichotaka, na katuni ikabidi ijiuze yenyewe. Televisheni nayo ikaanza kuwabakiza watu nyumbani. Mwaka 1957 wahasibu wa MGM waligundua kwamba kuzirudisha katuni za zamani kwenye kumbi kunaleta karibu faida ileile ya kutengeneza mpya. Karakana ikafungwa. Hanna na Barbera, waliokuwa wamefanya kazi hapo kwa miaka 20, walibaki bila ajira.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachothibitisha hesabu iliyotajwa mwanzoni. Walianzisha kampuni yao na Desemba mwaka huohuo wakatoa kipindi chao cha kwanza cha televisheni, The Ruff and Reddy Show. Ruff ni paka, Reddy ni mbwa, na ni marafiki wa damu. Televisheni ililipa kiasi cha dola 3,000 kwa kipande cha dakika tano, ilhali katuni moja ya Tom na Jerry ilikuwa ikimeza makumi ya maelfu. Kwa fedha hizo huwezi kumrusha paka kwenye ngazi. Unaweza kumsimamisha pembeni ya rafiki yake wakapiga soga. Maadui hukimbizana, na mbio ni michoro. Marafiki huzungumza, na mazungumzo ni mdomo tu unaofunguka na kufunga. Ndipo wakaja dubu Yogi na mwenzake Boo-Boo, na jozi nyingine nyingi za wanyama wapendanao. Anayetaka ushahidi amtazame Yogi shingoni. Ile kola na tai vina kazi: vinaficha mahali kichwa kinapoungana na kiwiliwili, ili mchoraji abadilishe kichwa peke yake na kuacha mwili uleule wa sekunde iliyopita.

Vipindi hivyo vilikuwa na maneno matamu na sauti za waigizaji hodari kama Daws Butler na Don Messick, lakini urafiki wake hauna uzito. Yogi na Boo-Boo walianza wakiwa marafiki, hakuna kilichowagharimu. Marc Antony alivumilia makucha mgongoni. Tom alitoka kwenye theluji.

Urafiki usiotarajiwa uliodumu kuliko yote ulikuwa wa Hanna na Barbera wenyewe. Hanna alizaliwa New Mexico mwaka 1910, mpenda uskauti na kuimba kwaya ya wanaume wanne. Barbera alizaliwa New York mwaka 1911, karani wa benki aliyekuwa akiyauzia magazeti vibonzo, mpenda mikahawa mizuri na watu maarufu. Nje ya kazi hawakuwa na mengi ya pamoja. Kazini, Barbera alichora mikasa kwa kasi, Hanna akapima muda: ni sekunde ngapi za kimya kabla sufuria haijadondoka. Walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 60, hadi Hanna alipofariki mwaka 2001. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 94, Barbera aliongoza kwa kushirikiana na wengine katuni yake ya mwisho ya Tom na Jerry, The Karate Guard. Alifariki Desemba 2006.

Mzazi mwenye watoto likizo hii na awatafutie Feed the Kitty kwanza, kisha The Lonesome Mouse, halafu yoyote ya Ralph na Sam. Zile 13 za Tom na Jerry zilizotengenezwa Prague mwaka 1961 na 1962, zenye mwangwi kama wa ndani ya pipa, zinaweza kusubiri.